Max Fischer na marafiki wasio wa rika lake

Mwaka jana mimi na wenzangu wawili tulialikwa shule moja ya sekondari kuzungumza na wazazi kuhusu ubongo wa kijana. Tulikuwa na projekta, picha za ubongo zenye rangi rangi, na dakika arobaini. Mwishoni mama mmoja akanyoosha mkono. Akasema mwanawe ana miaka 15, darasani anafanya vizuri tu, lakini hana rafiki hata mmoja wa rika lake. Akitoka shule anakwenda kukaa kibandani kwa mzee mmoja fundi redio, na Jumamosi anacheza na watoto wa darasa la nne. Halafu ana hasira za ajabu, ananuna kama mtoto mdogo. Swali lake lilikuwa: huyu amechelewa kukua, au ana tatizo?

Nikamjibu haraka haraka, kwa sababu muda ulikuwa umeisha na mimi sentensi yangu nilikuwa nayo tayari: sehemu ya mbele ya ubongo haikomai mpaka miaka 25, mama, kwa hiyo vuta subira, ataiva tu. Watu wakacheka kidogo, yeye akakaa. Baadaye tukiwa tunakunja nyaya za projekta, mwalimu mmoja akaniambia kwamba yule kijana alifiwa na baba yake miaka miwili nyuma, na kwamba yule fundi redio alikuwa rafiki wa marehemu.

Sikuwa nimemuuliza yule mama swali hata moja.

Nakusimulia hili kwa sababu wiki mbili zilizopita niliangalia tena filamu ambayo niliipenda nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, na safari hii ikanikaa kooni. Inaitwa Rushmore. Ni ya mwaka 1998, imeongozwa na Wes Anderson, aliyeiandika pamoja na Owen Wilson. Mhusika wake mkuu ni kijana wa miaka 15 anayenuna, anayedanganya, anayelipiza visasi, na ambaye marafiki zake wa karibu ni mtoto mdogo, tajiri wa makamo na mwalimu mjane. Nataka tumsome pamoja, mimi na wewe, tukiwa na sayansi ya ukuaji mkononi, tuone inatufikisha wapi na inaishia wapi. Nitafichua mambo yote mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kuambiwa, kaitazame kwanza kisha urudi.

Max ni nani

Max Fischer, aliyeigizwa na Jason Schwartzman katika filamu yake ya kwanza kabisa, anasoma Rushmore, shule ya kulipia ya watoto wa wenye nazo. Filamu ilipigwa Houston, Texas, mji alikozaliwa Anderson. Max mwenyewe si mtoto wa tajiri. Baba yake ni kinyozi, na yeye yuko pale kwa ufadhili alioupata akiwa mtoto mdogo, baada ya mama yake kusoma mchezo wa kuigiza aliouandika na kuamua kwamba huyu ni mtoto wa Rushmore. Mama huyo alifariki kwa saratani Max akiwa na miaka 7.

Pale shuleni Max yuko kila mahali. Anaongoza klabu ya Kifaransa, anaongoza chama cha wafuga nyuki, anaongoza mdahalo, ana kikundi chake cha maigizo kinachotumia jina lake mwenyewe. Kitu asichofanya ni kusoma. Anafeli karibu kila somo, na mkuu wa shule anamtishia kumfukuza.

Kisha anampenda Rosemary Cross, mwalimu wa darasa la kwanza aliyefiwa na mumewe, Edward Appleby, ambaye naye aliwahi kusoma Rushmore. Kwa kuwa Rosemary anafuga samaki darasani, Max anaamua kumjengea jumba zima la samaki kwenye uwanja wa besiboli wa shule, bila ruhusa. Anafukuzwa. Rafiki yake Herman Blume, tajiri wa chuma aliyeigizwa na Bill Murray, anampenda Rosemary huyo huyo, na hapo vita inaanza. Max anaingiza nyuki kwenye chumba cha hoteli cha Blume. Blume anaikanyaga baiskeli ya Max kwa gari. Max anakata breki za gari la Blume.

Hapo kwenye breki tusimame kidogo. Filamu inachekesha na muziki unapendeza, lakini kukata breki za gari la mtu ni jaribio la kuua. Ukimchukulia Max kama kichekesho tu, hujamwona.

Jibu langu la projekta

Basi, tumpeleke Max kwenye lile jibu nililompa yule mama. Je, tatizo lake ni ubongo ambao haujaiva?

Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Mwaka 1999, Jay Giedd na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walichapisha matokeo ya vipimo vya MRI vya watoto na vijana 145. Walichokiona ni kwamba tabaka la kijivu katika sehemu ya mbele ya ubongo huongezeka utotoni, hufika kilele karibu na kuanza kwa balehe, kisha hupungua taratibu katika miaka ya ujana. Kupungua huko si hasara. Ni kama mkulima anayepalilia: njia zisizotumika hupunguzwa, zinazotumika huimarishwa. Na sehemu hiyo ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayobeba kazi nyingi za kupanga, kujizuia na kupima matokeo.

Ila ile namba 25 niliyoitamka kwa kujiamini si mstari ambao mtu aliukuta umechorwa ndani ya ubongo. Mabadiliko huenda polepole, sehemu moja baada ya nyingine, kwa kasi tofauti kwa kila mtu, na hayana siku ya mahafali.

Halafu kuna jambo la pili. Mwanasaikolojia Laurence Steinberg amekuwa akitofautisha hali mbili za kufikiri, tuziite akili ya baridi na akili ya moto. Kwenye hali ya baridi, yaani bila haraka, bila hisia kali, bila mtu kukutazama, kijana wa miaka 16 hivi hufikiri kimantiki karibu sawa na mtu mzima. Pengo linaonekana kwenye hali ya moto. Max anaafiki hilo vizuri. Akiwa na mradi mbele yake ni meneja: anapanga bajeti, anaomba fedha, anagawa kazi. Akikataliwa na Rosemary anakuwa mtoto wa miaka 7.

Sasa tazama filamu inachofanya na nadharia hii. Inamweka kando ya Max mtu mwenye umri zaidi ya mara tatu ya wake, aliyepigana Vietnam, mwenye kiwanda, mke na watoto wawili mapacha, ambaye ubongo wake umeiva tangu zamani. Na mtu huyo anafanya nini? Kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya wanawe anakaa peke yake akitupia mipira ya gofu kwenye bwawa la kuogelea, kisha anapanda juu, anajirusha majini na kubaki amejikunyata chini. Baadaye anaikanyaga baiskeli ya mtoto wa shule, na kabla hujamaliza kucheka anairudia kwa gari.

Kama utoto wa Max ni suala la tabaka la kijivu, Blume tumweleze kwa nini? Kwangu mimi hapa ndipo filamu inapoishinda sentensi yangu ya projekta. Watu wawili wenye ubongo wa umri tofauti kabisa wanafanya upuuzi wa aina moja, katika wiki zile zile, kwa hiyo chanzo lazima tukitafute mahali pengine pia.

Hadhira iliyo kichwani

Mwaka 1967 mwanasaikolojia David Elkind aliandika makala kuhusu ubinafsi wa kufikiri wa vijana. Alieleza mambo mawili ambayo ukiwa na mdogo wako wa miaka 14 nyumbani utayatambua mara moja. La kwanza aliliita hadhira ya kufikirika: kijana anahisi kila mtu anamtazama, kila chunusi imeonekana na dunia nzima. La pili ni hekaya ya nafsi: kijana anahisi yeye ni wa kipekee, hakuna aliyewahi kupenda au kuumia kama yeye, na mabaya ya kawaida hayatamfika.

Ukimsoma Max kwa Elkind, mambo mengi yanakaa sawa. Filamu inaanza na ndoto ambayo ndani yake Max anatatua swali gumu kabisa la jometri ubaoni na darasa zima linamshangilia. Anaamka yuko kanisani shuleni, hakuna aliyekuwa akimtazama. Klabu zote zile ni hadhira. Uongo wake mkubwa nao ni wa hadhira: anawaambia watu kwamba baba yake ni daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Baba yake, mzee Bert, yuko mtaa wa pili ananyoa watu kwa upole, haombi chochote.

Lakini hadhira ya Max ina kiti kimoja kitupu, na ni mama yake aliyekuwa amekikalia. Yeye ndiye aliyesoma mchezo wake wa kwanza. Yeye ndiye aliyesema huyu apelekwe Rushmore. Ukishalijua hilo, kung'ang'ania kwake shule ambayo hata haisomi kunaacha kuwa kiburi. Rushmore ni mahali pa mwisho ambapo mama yake alimwona akiwa mtu wa maana. Kufukuzwa pale ni kumpoteza mama mara ya pili.

Wanaowahudumia watoto waliofiwa wanalijua jambo hili kwa muda mrefu: mtoto hamalizi msiba mara moja. Watoto wengi kati ya miaka 5 na 7 ndipo wanapoanza kushika kwamba aliyekufa harudi, na kwamba kila mtu atakufa. Max alifiwa akiwa kwenye ukingo huo. Mtoto wa umri ule huomboleza kwa akili ya umri ule, kisha akifika miaka 10, akifika balehe, akihitimu, msiba unamrudia na maswali mapya, na inabidi aulie tena kwa akili aliyonayo sasa. Kwa nje wewe unachokiona ni kununa, ni uongo, ni hasira isiyolingana na kosa. Unasema hajakomaa. Kumbe kuna sehemu moja ya kijana huyo iliyosimama pale pale iliposimama, huku nyingine zimekwenda mbele kwa kasi.

Mdogo, mkubwa na mjane

Sasa twende kwa marafiki, maana hapa ndipo yule mama alipokuwa na wasiwasi zaidi.

Neno letu rika linabeba matarajio mazito. Mtu acheze na wa rika lake, aoe wa rika lake, agombane na wa rika lake. Kijana anayekaa na wazee tunasema amezeeka kabla ya wakati, anayecheza na watoto tunasema amedumaa. Max anafanya vyote viwili, kwa hiyo kwa kipimo hicho ameharibika pande zote.

Lakini sayansi ya rika ina habari ya kushangaza kidogo. Mwaka 2005 Margo Gardner na Steinberg walichapisha jaribio la watu 306 wa makundi matatu: miaka 13 hadi 16, miaka 18 hadi 22, na miaka 24 na kuendelea. Walicheza mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, taa inageuka njano, unaamua uendelee au usimame kabla ya kugonga ukuta. Baadhi walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao wawili pembeni. Wenzao walipokuwepo hatari iliongezeka, na iliongezeka zaidi kwa wadogo kuliko kwa watu wazima. Mwaka 2016 Steinberg na watafiti wengine wakajaribu kitu kingine: kundi la vijana wa kiume, ila mmoja wao awe amewazidi umri kidogo, kati ya miaka 25 na 30. Maamuzi ya vijana yakatulia, yakafanana na ya mtu aliyeachwa peke yake. Kwa maneno mengine, kuchanganya umri si lazima iwe dalili ya ugonjwa. Wakati mwingine ndiyo breki yenyewe.

Nasema wakati mwingine kwa makusudi, kwa sababu Blume si breki. Anapokutana na Max mara ya kwanza, anatoa hotuba kanisani akiwachochea wanafunzi maskini wawalenge matajiri, na Max peke yake ndiye anayesimama kupiga makofi. Blume ana wanawe wawili asiowapenda, Max ana baba anayemwonea aibu, na kila mmoja anamwona mwenzake kama mtoto au baba aliyepaswa kumpata. Ni urafiki wa kweli. Lakini Rosemary alipoingia kati, Blume hakuwa mtu mzima wa kumshika Max mkono, alikuwa kijana wa pili kwenye gari. Lile jaribio la 2016 lilihitaji mtu mmoja aliyekuja bila kiu yake mwenyewe. Umri kwenye karatasi hautoshi.

Aliyekuwa breki ni yule mdogo. Dirk Calloway ni mwanafunzi wa madarasa ya chini, shule imempa Max kazi ya kumwangalia. Max anamlipa kwa kusambaza uvumi mchafu kuhusu mama yake Dirk, ili ajionyeshe kwa wakubwa. Dirk anaumia, anavunja urafiki, na ndiye anayemfichulia Max habari za Blume na Rosemary. Lakini baada ya Max kuacha shule kabisa na kujifungia kwenye kinyozi cha baba yake, nani anakuja mlangoni kutafuta suluhu? Si Blume. Ni Dirk. Huko nje wanarusha tiara pamoja, na kwa mara ya kwanza katika filamu nzima Max anafanya kitu kisicho na klabu, cheo wala watazamaji.

Rosemary ni jambo gumu zaidi. Mapema kabisa Max anamwambia kwamba wote wawili wana maiti katika familia, na anaitamka kama kijana anayefurahi kugundua mnashabikia timu moja. Inachekesha, lakini ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote alizowahi kumwambia. Kinachomvuta kwa Rosemary mimi nakisoma hivi: amempata mtu mzima ambaye naye hajamaliza msiba. Rosemary analala katika chumba alichokulia marehemu mumewe, kati ya vitu vyake vya utotoni. Naye amekwama. Kosa la Max ni kuuita ukaribu huo mapenzi, kwa sababu miaka 15 hiyo ndiyo lugha pekee aliyonayo ya ukaribu mkubwa.

Mahali filamu inapokosea

Hapa lazima niseme wazi, maana tukiisifu tu tutakuwa hatujafanya kazi yetu. Max anampa Rosemary usumbufu ambao katika maisha ya kweli ungemtisha mwanamke yeyote. Usiku mmoja anaingia chumbani kwake kupitia dirishani, amejipaka damu ya bandia, anadai amegongwa na gari. Filamu inaipa tukio hilo taa nzuri na muziki mzuri. Rosemary anamtoa baada ya kugundua damu ni ya uongo, na kuna mahali kwingine anamjibu kwa maneno makali ambayo Max alistahili kuyasikia mapema. Lakini maumivu yake yeye, mjane anayefukuziwa na wanaume wawili waliokwama utotoni, filamu inayagusa na kuyaacha. Msiba wa Max unatibiwa, wa Rosemary unatumika kama dawa.

Na Margaret Yang, msichana wa shule mpya ya serikali anayempenda Max kwa subira, anapewa dakika chache mno. Hata hivyo katika dakika hizo ana mazungumzo ambayo sisi wa maabara hatuwezi kuyasahau: anamwambia Max kwamba mradi wake wa sayansi uliosifiwa alighushi matokeo yote, kwa sababu hayakutoka vile alivyodhani yanapaswa kutoka. Hakuna anayemlazimisha kukiri. Max, bingwa wa kughushi, anasimama na rimoti ya ndege ya kuchezea mkononi anamsikiliza mtu akiusema uongo wake mwenyewe kwa sauti ya kawaida kabisa, na dunia haianguki.

Nilipoifikia sehemu hiyo safari hii, nilisimamisha filamu. Jibu langu kwa yule mama lilikuwa la aina hiyo hiyo. Nilikuwa na matokeo tayari kabla ya kupima.

Plagi za masikio

Mwisho wa filamu Max anaandaa mchezo mpya kuhusu vita vya Vietnam, wenye milipuko ya kweli jukwaani. Wote wapo: Dirk anaigiza, Margaret anaigiza, hata Magnus Buchan, mnyanyasaji wake wa zamani wa Rushmore, anaigiza. Kabla ya pazia anautabaruku kwa mama yake na kwa Edward Appleby, ambaye hakuwahi kukutana naye. Blume na Rosemary amewawekea viti vinavyofuatana. Blume, aliyekuwa Vietnam kweli, anatokwa machozi.

Watu wengi hukumbuka milipuko. Mimi nakuomba utazame viti. Chini ya kila kiti Max ameweka plagi za masikio na miwani ya kujikinga.

Kijana aliyeanza filamu akiwa na hadhira ya kufikirika, hadhira ambayo kazi yake ni kumshangilia, sasa ana hadhira yenye masikio na macho yanayoweza kuumia. Amekaa akawawazia kabla hawajafika. Kwenye kinyozi amekwisha kumtambulisha baba yake kwa Blume kama kinyozi, bila kutia chumvi. Mama yake amemtaja mbele ya watu. Hajawa mtu mpya, bado ni mbabe wa jukwaa na bado anajipenda mno. Na kwa hesabu ya kalenda imepita miezi michache tu, kwa hiyo ile sehemu ya mbele ya ubongo haikuwa na muda wa kubadilika kiasi cha kueleza mabadiliko hayo.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mara nyingi methali hii tunaitoa kama tishio: subiri, utakiona. Max Fischer ameifanya niisikie upya, kama maelezo tu ya jinsi mambo yanavyokwenda. Mama akiondoka mapema, mafunzo hayakomi. Yanagawanywa kwa watu waliobaki: mtoto mdogo anayesamehe, mzee aliyepotea, mwalimu mwenye msiba wake, msichana anayekiri kosa, kinyozi anayengoja. Kwa nje wanaonekana marafiki wa ajabu. Ukiwahesabu mmoja mmoja, kila mmoja ana kipande.

Hii haimaanishi kila urafiki wa kijana na mtu mzima ni salama. Si salama, na mzazi ana haki ya kuuliza ni nani huyo, wanakaa wapi, wanafanya nini, mlango uko wazi au umefungwa. Blume mwenyewe ni onyo tosha. Ila hayo ni maswali, na maswali ndiyo niliyoyaruka siku ile.

Ningempata tena yule mama, ningeanza na mzee fundi redio. Ningemuuliza kama amewahi kwenda pale kibandani akakaa nao, na mwanawe akiwa pale huwa anaongea habari gani. Ningemuuliza wale watoto wa darasa la nne wanapenda nini kwake. Ningemuuliza ni lini mara ya mwisho jina la baba lilitajwa mezani nyumbani kwao, na nani alilitaja. Picha za ubongo ningeziacha kwenye begi mpaka amalize kujibu.